Ukialikwa Uingereza mwezi Machi, usikae ndani

SIKU hizi ni nadra kupata ukoo usio na mtoto ng'ambo. Huyu ni muuguzi, yule anasomea uhasibu, mwingine alikwenda kutembea tu na mpaka leo hajarudi. Kisha siku moja mwaliko hufika, na mzazi aliyezoea matatu ya Nakuru hujikuta ndani ya ndege, amefungwa mkanda, akielekea London.

Hayo ndiyo yaliyomfika shangazi yangu wa Njoro. Bintiye anafanya kazi mjini Ipswich, mashariki mwa Uingereza, naye alimwalika mamake mwezi wa Machi. Shangazi alikaa wiki tatu. Alirudi na sweta mbili, chokoleti za watoto na malalamiko gunia zima.

"Mwanangu, kule hakuna kitu," aliniambia. "Jua lenyewe ni la kuchora. Miti yote imekufa."

Miti haikuwa imekufa, msomaji mpendwa. Ilikuwa ikijiandaa. Na laiti binti yule angempandisha mamake gari moshi la kuelekea kaskazini kwa muda wa karibu saa moja, wakashuka katika stesheni ndogo ya Darsham na kukodi teksi, wangefika mahali ambapo mwezi huo huo wa Machi huwa na shughuli nyingi kuliko soko siku ya Jumamosi. Mahali hapo panaitwa Minsmere.

Minsmere ni hifadhi ya kinamasi iliyoko pwani ya Suffolk, mkabala na Bahari ya Kaskazini. Tangu mwaka 1947 imekuwa mikononi mwa chama cha kulinda ndege cha Uingereza, RSPB. Usitarajie simba wala twiga. Hapa kuna matete, maji ya kina kifupi, msitu mdogo, nyika ya vichaka na ufuo wa kokoto. Aina zaidi ya 300 za ndege zimewahi kuonekana hapo, na Machi ndio mwezi ambao wageni na wenyeji hupishana mlangoni.

Kwetu tuna masika na vuli, kiangazi na kipupwe. Wenzetu wana majira wanayoyangoja kwa hamu kuliko yote, majira ya machipuko. Ili umwelewe Mwingereza anayechekelea ua moja lililochomoza nyasini, kumbuka kwamba katikati ya Desemba jua la huko huzama kabla ya saa kumi jioni. Ifikapo Machi 20 au 21 mchana na usiku hulingana, jambo ambalo sisi tulio kwenye ikweta tunaliona kila siku bila kulishukuru. Baada ya hapo mchana huzidi kurefuka, hata kufikia Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Ni mwanga huo, zaidi ya joto, unaowaambia viumbe kwamba wakati umewadia. Baridi bado ingalipo. Upepo unaotoka baharini mwezi Machi hupenya koti, ukapenya sweta, ukaja kukuuliza habari za mifupa. Kwa hilo shangazi hakudanganya.

Lakini kitu cha kwanza kitakachokushangaza si baridi wala ndege. Ni harufu. Njiani kuna vichaka vya miiba vilivyofunikwa maua ya manjano, na jua likivipiga kidogo tu hutoa harufu ya nazi. Naam, nazi! Ukifumba macho utadhani umesimama nyuma ya jiko la mtu Lamu, mbuzi iko kazini na wali uko njiani.

Karibu na jengo la kupokelea wageni kuna ukingo wa mchanga uliotoboka matundu kama chujio. Hayo ni makao ya mbayuwayu wadogo wa rangi ya udongo, ambao huchimba nyumba zao mchangani kwa miguu na midomo, tundu likaingia ndani zaidi ya nusu mita. Ndege hawa wana uzito usiofikia gramu 20. Majira ya baridi huyapitisha katika nchi kama Senegal na Mali, kisha huvuka jangwa lote la Sahara na bahari ya Mediterania, wakafika hapa katikati ya Machi. Siku anapoonekana wa kwanza, habari hupita kutoka mtu hadi mtu kama habari za harusi. Nimeona mzee wa makamo ya babu yangu akivua kofia kwa ajili ya kiumbe kisichozidi uzito wa barua.

Vichakani utasikia ndege mwingine, mdogo kuliko shomoro, ambaye hujiita jina lake mwenyewe mchana kutwa: chif-chaf, chif-chaf. Naye ni msafiri. Sauti hiyo haina utamu wowote, na mimi baada ya saa moja ilinichosha, ila wenyeji huisikiliza kama wimbo wa taifa kwa sababu ndiyo inayotangaza kwamba baridi imeshindwa.

VITA

Sasa ingia kibandani. Ukingoni mwa maji vimejengwa vibanda vya mbao vyenye madirisha membamba, na ndani mna mabenchi. Watu hukaa humo na darubini zao na chai ya chupa, wakinong'ona kama waumini kabla ya ibada. Ukipiga chafya utatazamwa.

Nje kuna maji ya kufika kifundo cha mguu na visiwa vidogo vya changarawe. Shakwe, ambao vichwa vyao hugeuka rangi ya kahawia iliyokolea majira haya ya kutafuta wachumba, wanapigiana kelele kama makanga wawili wanaogombania abiria mmoja. Katikati ya fujo hiyo anatembea ndege mweupe mwenye michirizi myeusi, miguu mirefu ya rangi ya samawati, na mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu kama msharasi wa fundi viatu. Anautia majini na kuupeleka kulia na kushoto kama mtu anayefyeka nyasi. Huyo ni avoseti.

Shangazi angecheka. Ndege huyo huyo yuko Ziwa Nakuru, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwake, na Magadi pia yupo, na hakuna anayenong'ona kwa ajili yake. Mbona basi Waingereza wamemfanya nembo ya chama chao?

Ni kwa sababu waliwahi kumpoteza. Vinamasi vilikaushwa ili viwe malisho na mashamba, mayai yakaokotwa na kuliwa, waliobaki wakapigwa risasi. Kufikia miaka ya 1840 avoseti alikuwa amekoma kuzaana Uingereza, na hali ikabaki hivyo kwa takriban karne nzima. Minsmere yenyewe ilikuwa malisho ya ng'ombe.

Kisha ukaja mwaka 1940. Majeshi ya Hitler yalikuwa ng'ambo ya bahari, na pwani ya Suffolk ni tambarare ambayo mtu anaweza kushuka na vifaru bila kujikwaa. Waingereza wakaamua kuyaachilia maji yafurike juu ya malisho ili adui azame matopeni. Ufuoni wakapanga matofali makubwa ya saruji ya kuzuia vifaru, na mengine yangalipo hadi leo; watoto huyapanda na kupigwa picha. Adui hakuja. Maji yakakaa. Matete yakaota. Na mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya vita kwisha, jozi nne za avoseti zikatokea na kutaga mayai Minsmere. Mwaka huo huo wengine wakataga katika kisiwa cha Havergate, kusini kidogo mwa hapo.

Hakuna aliyewaalika. Lakini kukaa kwao kulihitaji kazi. Kinamasi kikiachwa hivi hivi hujisonga kwa matete na majani yaliyooza mpaka kikawa nchi kavu. Aliyelielewa jambo hili ni Bert Axell, aliyekuwa msimamizi wa Minsmere kuanzia 1959 hadi 1975. Mwaka 1962 alianza kuchimba na kuondoa udongo, akatengeneza vidimbwi vifupi na visiwa, na milango ya kupimia maji matamu na ya chumvi. Maji yale unayoyatazama kutoka kibandani, msomaji, ambayo ungeapa yameumbwa na Mungu siku ya tatu, ni kazi ya mtu huyo na sepetu na mashine. Hifadhi nyingine nyingi ziliiga mtindo wake, na leo Uingereza ina zaidi ya jozi 1,000 za avoseti.

NGURUMO

Toka hapo uingie njia ya matete. Simama. Nyamaza. Ikiwa ni asubuhi na mapema na bahati imekuangukia, utasikia sauti isiyofanana na ya ndege yeyote umjuaye. Ni kama mtu anayepuliza mdomo wa kibuyu kikubwa akiwa chini ya ardhi. Mmm-buu. Kimya. Mmm-buu. Inaweza kusikika hadi kilomita tano.

Mwenye sauti hiyo ni dume la ndege wa jamii ya korongo, mwenye manyoya ya kahawia yenye mistari, ambaye akihisi mtu husimama wima, akaelekeza mdomo mbinguni na kuyumba pamoja na matete yanapopigwa na upepo. Unaweza kumtazama usimwone. Zamani matajiri walimla karamuni. Huyu pia alitoweka Uingereza katika miaka ya 1880, akarudi mwaka 1911 katika jimbo jirani la Norfolk, akaongezeka kidogo, kisha akaanza kupungua tena bila mtu kujua kisa. Mwaka 1997 madume yaliyosikika yakinguruma katika nchi nzima yalikuwa 11.

Kumi na mmoja! Darasa moja la chekechea lina watoto zaidi.

Watafiti waliwafunga baadhi ya ndege hao vifaa vya redio, Minsmere ikiwa miongoni mwa sehemu walizofuatwa, na ikabainika kwamba shida ni maji. Matete yalikuwepo, tena mengi, lakini yalikuwa yakisimama juu ya ardhi inayokauka, na ndege huyu hula samaki na mikunga. Kwa hivyo yakaja matingatinga, matete ya kale yakang'olewa, mifereji ikachimbwa, maji yakarudi chini ya mashina. Leo wanaonguruma wamepita 200. Ndiyo sababu ukisikia ngurumo ile mwezi Machi utaona mtu mzima, mwenye mvi, akikunja ngumi na kuipiga hewani bila kutoa sauti.

Juu ya matete hayo hayo tazama mwewe wa kinamasini. Mwaka 1971 ilibaki jozi moja tu yao iliyotaga Uingereza nzima, nayo ilikuwa hapa Minsmere. Sumu ya DDT iliyonyunyizwa mashambani ilikuwa imewamaliza. Dawa hiyo ilipoachwa walirudi, na sasa kuna mamia ya jozi. Mwezi Machi dume hupaa juu sana, kisha hujitupa akipinduka kama karatasi, ili jike limwone. Baadaye humletea panya, na jike hupaa, hujigeuza chali angani na kumdaka panya huyo kwa makucha. Kwa vijana wetu wanaotuma mahari kwa simu, hapa pana somo la juhudi.

Kuna na yangeyange. Kwetu yangeyange ni ndege wa kila mtaro, lakini kwa Waingereza yule mdogo mwenye mdomo mweusi alitaga kwa mara ya kwanza nchini mwao mwaka 1996 tu. Nilimsikia mama mmoja akimwonyesha mwanawe kwa fahari kubwa, nikanyamaza kwa adabu.

Ukiwa na watoto, waulize wafanyakazi kuhusu njia ya nyoka. Wadogo hao wa jamii ya moma hulala chini ya ardhi msimu wote wa baridi, na jua la Machi likianza kuota hutoka wakajikunja juu ya majani makavu ili wapate joto, wakiwa wazito kiasi cha kutojali kutazamwa. Ndio nyoka pekee wa sumu Uingereza. Wakazi hawawaui, kwani sheria inawalinda, na mtu wa mwisho kufa kwa kuumwa nao alikufa mwaka 1975. Nilisimama hatua nne kutoka kwa mmoja. Sikuongeza ya tano.

MBALI

Nimetaja Senegal na Mali kwa haraka, na sitaki upite hapo bila kutua mzigo. Wapo ndege wadogo wa vichakani, wenye koo jeupe, wanaofika Uingereza kila Aprili kutoka ukanda wa Sahel. Mwaka 1969 watu walikaa wakiwasubiri, na karibu robo tatu yao hawakuja. Uingereza hakukuwa kumetokea lolote. Vichaka vilikuwa pale pale, wadudu wapo. Kilichotokea ni ukame, kusini mwa Sahara. Mbayuwayu wale wa mchangani nao walipungua vibaya nyakati hizo, na tena kwenye ukame wa miaka ya 1980. Mvua ikikosa kunyesha Mali, ukingo wa mchanga wa Minsmere hubaki na matundu matupu.

Nasi tuna wetu. Kwenye ufuo wa Minsmere, mnamo Machi, hutua ndege mwenye mgongo wa kijivu na kiuno cheupe, anayeruka-ruka juu ya kokoto na kutikisa mkia. Jamaa zake wa aina hiyo hiyo utawaona Kenya, kuanzia Oktoba, kwenye nyanda kavu kama zile za Athi. Mwaka 2012 watafiti walieleza jinsi walivyowafunga vifaa vidogo baadhi yao huko Alaska, kaskazini kabisa mwa Amerika, na vifaa vikaonyesha kwamba waliruka hadi Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Ni safari ya karibu kilomita 15,000 kwenda tu. Ndege mwenyewe ana gramu 25.

Na huko Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 wataalamu wamekuwa wakiwavisha pete miguuni wasafiri wanaonaswa katika ukungu wa usiku, Novemba na Desemba. Mmoja anayepita hapo kwa wingi ni ndege mdogo wa vinamasi vya Ulaya ambaye hukusanya nyimbo za ndege anaokutana nao. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire, aliyewasikiliza Ubelgiji katika miaka ya 1970, aligundua kwamba dume mmoja huiga kwa wastani aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika. Fikiria: Mzungu amesimama kando ya mto wake mwezi Mei, anasikiliza wimbo wa machipuko, kumbe anaimbiwa kibarabara na ndege wa kwetu.

Ukitoka katika kibanda cha mwisho na kutazama kusini utaona kuba jeupe kubwa ufuoni. Ni Sizewell B, kinu cha nyuklia kilichoanza kutoa umeme mwaka 1995. Kando yake kinajengwa kingine, Sizewell C, ambacho serikali ya Uingereza ilikiidhinisha mwaka 2022, na eneo la ujenzi linapakana na hifadhi. RSPB walipinga kwa miaka mingi. Wasiwasi wao ni maji ya kinamasi, kelele na taa. Wanaokitaka wanasema nchi inahitaji umeme usio na moshi na vijana wanahitaji kazi. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana mabishano ya huko hayaishi hata kwenye meza ya chai.

Wakenya hatuwezi kuyasoma hayo kama watazamaji. Mpango wa kujenga kinu cha nyuklia Uyombo, kaunti ya Kilifi, karibu na mikoko ya Mida Creek, uliwatoa watu barabarani mwaka 2024. Mida ndiko wanakoshindia maelfu ya ndege wa ufuoni kutoka Siberia. Ukienda huko mwishoni mwa Machi maji yakiwa yamekupwa, utawakuta wakila bila kupumzika, wanene, na wengine waliokuwa wa kijivu Desemba wamegeuka wekundu kama matofali. Hayo ni mavazi ya machipuko, yaliyovaliwa kwetu. Muda si mrefu Mida itabaki kimya kwa wiki kadhaa.

Juzi nilimpigia shangazi nikamsomea sehemu ya makala haya. Alisikiliza, akaguna, kisha akaniambia kwamba mbayuwayu wamejaa kwenye nyaya za stima mbele ya lango lake, wamejipanga kama wanafunzi gwarideni, na kila mwaka hufanya hivyo kabla ya mvua kubwa kisha wakatoweka. Hakuwahi kuuliza huenda wapi.

Bintiye amemwalika tena. Safari hii anasema atakwenda huko kwenye matete, mradi ahakikishiwe mambo mawili: kwamba kuna choo karibu, na kwamba yule nyoka hatoki njiani kwake.

Choo kipo. Kuhusu nyoka, nimemshauri avae buti.